Jinsi Panzi wa Mwenyekiti Alivyochemka

Wa kwanza kulaumiwa ni punda, na ninamtaja yeye kwanza kwa sababu hana wajukuu wa kuja kuniuliza kwa nini nimemwandika. Alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Mombasa, karibu kabisa na Sultan Hamud, anafikiria mambo yake, wakati Mzungu mmoja aliyetoka kwao kwa pikipiki alipomfikia kwa kasi. Punda alikufa. Mzungu alivunjika mguu. Pikipiki ilipondeka mbele yote, lakini injini yake ilibaki nzima, inang'aa kama sufuria ya harusi, na haikuwa injini ya kupozwa na upepo kama pikipiki zote tulizozijua sisi. Hii ilipozwa na maji, kama lori. Mzungu aliiuza akiwa bado kitandani hospitalini, akaenda zake kwao. Aliyeinunua alikuwa mwenyekiti wa mradi wetu wa maji.

Hawa wengine nitawataja kwa viti vyao. Majina yao mnayajua, na wao wakisomewa watajijua.

Mwenyekiti alikuwa amestaafu kutoka reli. Kazi yake huko ilikuwa kupeperusha bendera stesheni, nyekundu na kijani, lakini kwa miaka mingi treni zilisimama alipotaka zisimame na zikaondoka alipotaka ziondoke, na jambo hilo huharibu kichwa cha mtu. Alirudi nyumbani akijiita injinia. Tukamchagua mwenyekiti kwa sababu alikuwa na kofia. Tena alikuwa mjomba wa mke wangu, ndugu ya mama yake tumbo moja, na kwetu Ukambani mkwe, tunayemwita muthoni, hajibizani na wakwe zake. Unasema "ndiyo, mzee", unaangalia vidole vyako vya miguu.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Bomba nilijifunza kwa Mhindi mmoja mjini Kitui, miaka ya sitini, nikimshikia spana na kubeba matusi yake. Nilipooa nikahamia upande wa Matiliku, na harambee ya maji ilipoanza, mtu pekee aliyejua kukata meno ya bomba alikuwa mimi. Laini ilitoka chemchemi ya vilimani, ikashuka bondeni, ikapanda mgongo wa kilima, ikashuka tena mpaka kwetu, upande wa chini. Nilifunga bomba zote hizo kwa kujitolea. Kujitolea ni neno zuri sana. Wanaolipenda zaidi ni wale wasiojitolea.

Sasa kamati ilikuwa itoe kazi ya kudumu: fundi wa laini. Mshahara wa kila mwezi, baiskeli, na koti la mvua, ingawa mvua yenyewe ni mgeni tu kwetu. Nilikuwa na watoto watano na shamba la mawe. Kazi hiyo niliitaka kama mtu aliyezama anavyotaka pumzi, na kila mtu alijua, na mwenyekiti ndiye aliyejua kuliko wote.

Kulikuwa na mwingine aliyeitaka. Huyu nitamwita Mwenye Cheti. Alisoma chuo cha ufundi cha kijiji, akapewa karatasi, akaiwekea fremu ya kioo na kuitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake. Spana yake ilikuwa haina hata mkwaruzo.

Kabla sijaenda mbele, lazima niseme juu ya hewa. Maji yakipita kwenye bomba huja na hewa, na hewa ni kama mzee wa kanisa: ikishafika mahali pa juu haitoki mpaka itolewe. Bomba likipanda mgongo na kushuka, hewa hukusanyika pale juu kabisa, hukaa, na maji nyuma yake hukwama. Kwa hiyo pale juu unaweka koki ndogo ya kuitoa. Mhindi alinifundisha hilo kwa kofi. Nami niliweka koki juu ya mgongo wetu, na maji yakafika upande wa chini, wanawake wakapiga vigelegele.

Basi koki ya hewa hudondosha tone moja moja. Na sisi ni watu wa ukame. Tone likidondoka Makueni, kuna mtungi chini yake kabla halijafika. Wanawake wa kule mgongoni wakaanza kukinga, mwingine akailegeza kidogo, na mwenyekiti akasikia.

"Hiyo ni koki ya wizi," akasema. "Ifungwe."

"Mzee, hewa itatokea wapi?"

"Hewa! Mimi nimeona treni zinapita na hewa yote ya dunia. Funga."

Nikasema ndiyo, mzee. Nikapanda na kizibo cha chuma, nikakizungushia katani na rangi, nikakikaza mpaka spana ikalia. Mkono uliofanya hivyo ni huu unaoandika. Mwaka haukuisha kabla ya mabomba ya upande wa chini kuanza kukohoa, kisha yakanyamaza. Watu wakasema chemchemi imekauka. Pasta, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina, akaitisha maombi ya siku tatu. Mimi nilifunga na kuomba nao, huku nikijua maji yako wapi.

Hapo ndipo ilipofika injini ya Mzungu.

Mwenyekiti alitaka kujitengenezea gari dogo la wazi, la kukagulia laini. Akampa mchomeleaji wa Sultan Hamud kazi ya kuunda fremu, viti viwili vya basi mbele, injini nyuma ya viti, magurudumu ya kuokotwa. Watoto waliliona miguu yake ya nyuma imeinuka, wakaliita Panzi. Siku niliyoitwa kuliangalia, nililizunguka mara mbili. Fremu yote ilikuwa ya bomba la inchi moja na nusu. Kwenye ncha ya bomba mojawapo niliona meno niliyoyakata mimi, maana dai yangu, kile chuma cha kukatia meno, ina jino lililovunjika na huacha kovu. Ni zile bomba za mradi nilizokatia meno palepale stesheni ziliposhushwa, kisha tukaambiwa zimepotea huko.

"Umeona chuma hicho, fundi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Nimekiona, mzee."

"Unasemaje?"

"Kinafanana na kingine ninachokijua."

"Chuma chote kinafanana," akasema, akavua kofia akajipepea. "Sasa nisikilize, muthoni wangu. Punda alivunja rejeta. Nimepata nyingine ya pikapu. Nataka ikae mbele, kama gari la kweli. Injini iko nyuma. Wewe unganisha maji yatoke huku yaende kule, yarudi. Ukinipa gari lisilochemka, Jumamosi ya mkutano nitasimama mbele ya watu wote niseme: huyu ndiye fundi wa laini. Lakini likichemka..." Hakumaliza. Alitazama tu upande wa nyumba ya Mwenye Cheti.

Nikapima. Kutoka injini hadi rejeta ni futi kumi na kurudi kumi. Nikamwambia nitahitaji bomba za kupita chini ya sakafu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Gari lenyewe ni bomba! Unataka kununua bomba ulitundike juu ya bomba? Pitisha maji humo humo."

Nitamchongea kwa mengi, lakini kwa hili nitakuwa mkweli: lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Mwizi mzuri hutumia kila inchi ya alichoiba. Maji ya moto yangetoka injini, yapande nguzo ya nyuma ya kulia, yapite juu ya kichwa cha dereva kwenye paa, yashuke mbele hadi juu ya rejeta. Yakishapoa yangetoka chini ya rejeta na kurudi injini kwa bomba la sakafuni. Pampu ya injini yenyewe ingeyasukuma. Kasoro ilikuwa moja tu. Paa lilikuwa ndio mahali pa juu kuliko pote.

Nilifanya kazi siku tisa. Mchomeleaji alinizibia ndani ya fremu kwa vipande vya bati nene, ili maji yasipotee njia na kuingia kwenye bomba za viti, maana mwenyekiti alikuwa na mwili wa kuiva kwa urahisi. Pale chuma kilipokutana na injini niliweka mpira wa lori, kwa sababu injini ya pikipiki hutetemeka kama mtu mwenye malaria, na chuma kwa chuma kingekatika. Klipu zilikuwa nne, viungo vingine nilifunga kwa ukanda wa tyubu na waya. Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nikatafuta mapovu kama mama anavyotafuta chawa. Maji ya kisima nilikataa. Mmeona birika zetu zinavyoota jiwe jeupe ndani. Injini ingeota jiwe hilohilo. Pasta akatoa maji ya mvua kutoka tangi la kanisa, akayaombea kwanza, maombi marefu kuliko ya ubatizo.

Na juu ya paa, juu kabisa, niliweka koki.

Siku ya kujaza walikuja watu kama wanaokuja kuangalia ng'ombe aliyezaa mapacha. Nikamimina kwenye rejeta polepole, kwa faneli yenye mpira niliyoifunga juu kuliko paa, nikapanda juu ya kiti, nikafungua koki. Ikapiga mluzi wa hewa. Kisha ikatema. Maji, hewa, maji, hewa, kama mzee anayekohoa. Maji yakateremka kwenye nguzo na kuingia mchangani, na hapo ndipo umati ulipolia.

"Yanamwagika! Yanamwagika!"

"Funga, fundi! Wewe umerogwa?"

"Bado," nikasema. "Bado inakohoa. Lazima yatoke bila kukohoa."

"Fundi," mama mmoja akaniita, "ukiona raha kumwaga maji, njoo umwage kwangu!"

Wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameshapanda kiti cha pili, mkono wake uko juu ya koki, anaifunga. Niliushika mkono ule. Mara ya kwanza maishani mwangu kumshika mkwe mkono bila kumsalimu. Tukatazamana. Nikasema, "Mzee, leteni karai likinge, yote nitayarudisha ndani." Likaletwa karai. Nikaacha koki wazi, wakanitazama kama muuaji, mpaka maji yakatoka uzi mmoja, laini, kimya. Nikafunga. Nikarudisha ya karai. Lita tisa ziliingia, na tangu karai lifike sikupoteza hata kikombe.

Panzi akawashwa, akanguruma. Tulikwenda Sultan Hamud tukarudi, jua la saa saba, na niliposhuka niliweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa moto sawasawa, juu mpaka chini. Watu hawajui, rejeta ikiwa moto ni habari njema. Ni mgonjwa anayetoka jasho. Mwenyekiti alinipiga begani. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu anunue mbegu, mwezi ujao tutalipwa mshahara. Hata koti la mvua nililiona mwilini.

Yaliyofuata sikuyaona. Mwenye Cheti mwenyewe alikuja kunisimulia baadaye, na hakuona haya. Siku tatu kabla ya mkutano, mwenyekiti akiwa ameketi ndani ya Panzi akisalimiwa na soko zima, tone moja lenye kutu lilitoka kwenye koki likaanguka juu ya kofia ya reli. Mwenye Cheti alikuwa pale pale, na leso.

"Mjomba," akasema, kwa sababu alikuwa amejitwalia na undugu pia, "gari gani duniani lina koki juu ya paa? Mimi chuoni sikuona hata moja."

Hiyo ilikuwa kweli. Chuoni hakuona hata gari.

Basi wakayatoa maji yote, wakang'oa koki, wakaweka kizibo cha chuma, wakakipaka rangi ya kijani kipendeze. Kisha wakamimina maji kwenye rejeta mpaka ikajaa. Ziliingia lita sita. Mimi nilitia tisa. Mahali pengine popote duniani mtu angejiuliza zile tatu zimekwenda wapi. Kwetu mwenyekiti alifurahi mno. "Unaona?" akasema. "Limepunguza kunywa."

Asubuhi ya Jumamosi alinipitia nyumbani. Mke wangu alitoka, akainama kumsalimu mjomba wake, akanikunjulia kola ya shati. Nilipanda, nikaketi, nikainua macho. Pale palipokuwa na koki yangu palikuwa na kizibo cha kijani.

"Mzee, koki imeenda wapi?"

"Wewe na koki zako!" akasema kwa sauti ya furaha. "Kila ukiona mahali pa juu unataka koki. Kaa, tutachelewa."

Hapo ningeshuka. Ningesema, mzee, hili gari halifiki mgongoni. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, peke yangu, nikilima, na kila mara nayasema vizuri sana. Siku yenyewe niliangalia vidole vyangu vya miguu. Kazi ilikuwa maili nne mbele yangu, upande wa pili wa kilima, na mtu aliyekuwa anipe alikuwa ameshika usukani. Nilisema, ndiyo, mzee.

Mkutano ulikuwa uwanja wa kanisa, upande wa chini. Njia hupanda mgongo palepale laini inapovuka. Bondeni Panzi alikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda nilisikia harufu ya rangi inayoungua. Kisha sauti ya injini ikabadilika, ikawa kavu, kama mtu anayetafuna changarawe. Nikamwomba asimame. Akaendelea. Injini ikasimama yenyewe.

Mwenyekiti alishuka, akaenda mbele, akaweka mkono wote kwenye rejeta.

"Baridi!" akasema. "Gari ni baridi kabisa. Limezimika kwa sababu nyingine."

"Mzee, hiyo ndiyo mbaya. Rejeta ni baridi kwa sababu maji hayafiki. Hewa imekaa juu hapo. Injini inaungua peke yake."

"Basi itoe hiyo hewa."

"Tungoje ipoe. Nusu saa tu."

"Nusu saa! Watu mia mbili wananingoja!" Alitazama saa yake ya mnyororo, ile ya reli. "Mwenye cheti hangeogopa maji."

Aliisema polepole, akijua mahali inapoingia. Nikatoa spana. Nilizungusha kizibo robo, nikakisikia kinanguruma ndani, nikazungusha robo nyingine. Sikumbuki robo ya tatu. Nakumbuka kizibo kikipita karibu na jicho langu kikienda mbinguni, na mvuke mweupe, na mtu anapiga kelele, nikashangaa anapiga kelele za nini, kumbe ni mimi. Mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi vidoleni, shingo, na sikio. Ngozi ilimenyeka kama ya viazi vilivyochemshwa. Sikio hilo mpaka leo limekunjamana, na mtu akitaka kuniteta hukaa upande huo akidhani sisikii. Nasikia vizuri.

Watu waliokuwa wakingoja waliona mvuke kilimani, wakaja mbio. Walimsukuma Panzi mpaka uwanjani, mwenyekiti akiwa ameketi kwenye usukani, maana mtu lazima aongoze. Mimi nilitembea nyuma nikiwa nimeinua mkono kama mtu anayeuliza swali.

Mkutano ukaanza kwa maombi. Kisha mwenyekiti akasimama akasema kwa huzuni kubwa, kama anayezika, kwamba alijaribu kumpa mkwe wake nafasi, lakini wote wamejionea kwa macho, kazi ya bomba bila elimu ni hatari, na shukrani kwa Mungu hakuna aliyekufa. Akampendekeza Mwenye Cheti. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nadhani kama mkono haungekuwa ukiwaka moto nisingesimama. Maumivu yalikuwa yameshachukua nafasi yote ya heshima. Nikasema yote. Nikasema koki ya Panzi aliiondoa nani na kwa nini. Nikasema gari hili, ambalo injini yake iliua punda na kuniua mimi nusu, bomba zake ni zenu, zile zilizopotea stesheni, njooni muone kovu la dai yangu kwenye ncha. Nikasema chemchemi haijakauka. Maji yamekwama kule juu kama yalivyokwama humu, kwa sababu koki ya mgongoni ilifungwa kwa amri ya huyu, na pasta akaitikia amina.

Mzee mmoja alikwenda akainama kwenye Panzi, akapapasa ile ncha kwa kidole. Nikafikiri, sasa.

Mwenyekiti alitabasamu. "Nani aliyekifunga kizibo cha mgongoni?" akaniuliza taratibu. "Kwa mkono wake?"

Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

"Nakuuliza mbele ya watu, muthoni wangu. Ni mkono wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Na watu wakakaa bila maji mwaka mzima, wewe ukijua?" Akawageukia watu, akafungua mikono yake miwili mizuri isiyo na hata lengelenge. "Mmesikia wenyewe. Haya, mlolongo."

Miaka hiyo ndivyo tulivyochagua kila kitu, kutoka mbunge mpaka mpishi wa shule: unajipanga nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, kila mtu akiona umesimama wapi. Mwenye Cheti alisimama chini ya mlingoti wa bendera. Mimi nilisimama kando ya choo, ndipo nilipoonyeshwa. Nyuma yangu walikuja wanne. Mmoja alikuwa fundi viatu ambaye mwenyekiti alimnyima bomba. Wawili walikuwa kaka, majirani zangu. Wa nne alikuwa mzee kiziwi, na baadaye nilijua alifikiri ni foleni ya choo.

Mlolongo wa Mwenye Cheti ulifika barabarani. Wale wa mgongoni walikuwa huko, wale wa chini walikuwa huko, na mama yule aliyetaka nikamwage maji kwake. Katikati yao, ameinamisha kichwa, na kitambaa chake cha kanisa cha buluu, alikuwa mke wangu.

Siku ya nne ya kazi, Alhamisi, Mwenye Cheti alibisha mlangoni kwangu. Hakuja kuomba radhi. Kizibo cha mgongoni kilikuwa kimemshinda.

"Fundi, uliweka nini pale? Spana yangu imeteleza mpaka imekwisha meno."

"Katani na rangi."

"Sasa nifanyeje?"

Ningeweza kumwambia arudi chuoni. Badala yake nilimwambia akipashe moto kizibo pembeni kwa tambi ya mafuta taa, kisha agonge, kisha azungushe akiwa amesimama kando, uso mbali. Hilo la mwisho nililisema mara mbili. Nikampa spana yangu. Hakuirudisha.

Alhamisi ile ile maji yalifika upande wa chini. Yalitoka kwanza na kutu, kisha na vyura wadogo, kisha safi. Mwenyekiti alichinjiwa mbuzi. Pasta alisema ni jibu la yale maombi ya siku tatu, limechelewa tu njiani.

Mke wangu alirudi na mtungi wa kwanza. Alichemsha kidogo, akaacha yapoe, akakaa kwenye kigoda kunisafisha mkono kabla ya kupaka asali, kama alivyofanya kila siku tangu Jumamosi. Hatukuwa tumelizungumza jambo lile. Mimi nilikuwa nimelimeza na lilikuwa halishuki.

"Kwa nini ulisimama kule?" nikamwuliza.

Hakuinua macho. Alikuwa akitoa ngozi iliyokufa kwenye kidole gumba, taratibu, kwa ncha ya kitambaa.

"Ulitaka nisimame wapi, baba watoto? Mbele ya mjomba wangu? Mama yangu analala kwenye boma lake."

"Mimi ni mume wako."

"Siku ile ulipopanda kwenye lile gari, nilikuona ukiinua macho juu. Mimi pia nikaangalia. Koki haikuwepo." Akakamua kitambaa kwenye karai. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa."

"Ni mjomba wako. Ningesema nini?"

Aliniangalia hapo, muda mrefu, na hakuniangalia kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Kisha akavuta chupa ya asali karibu.

"Inua mkono," akasema.

Nikauinua.